Barua za Deni Zisizo Zetu



Liko shauri moja linalotolewa sana katika baraza zetu za Musoma, Bunda na Butiama, nalo hutolewa kana kwamba ni hekima ya wazee. Karani akihamishwa, akapewa nyumba ama akapanga, kisha zikaanza kumfikia barua za deni zenye jina la mtu aliyekaa pale kabla yake, wenzake humwambia, "Zitie motoni, hazikuhusu." Wako na wengine, walio waoga zaidi, humwambia, "Lipa tu yaishe, ni fedha kidogo." Mashauri haya mawili yaonekana kupingana, lakini ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili yamezaliwa na uvivu wa kuandika mistari mitatu. Nami nataka kuyapinga yote mawili waziwazi, na yeyote aonaye kuwa nasema yasiyo kweli, kalamu anayo.

Kwanza tujitazame sisi wenyewe. Katika mkoa huu wa Mara hakuna watu wanaohama kama watumishi wa serikali. Mvuvi wa Majita akihama ni kwa kufuata samaki, na nyumba yake i palepale. Mkulima wa Nyamuswa akikopa mbegu, aliyemkopesha aijua njia ya kwake hata usiku. Lakini sisi leo tu katika hazina ya Musoma, mwakani tu katika hospitali ya Bunda, na Butiama ilipotengwa na Musoma Vijijini ikawa wilaya kamili, ofisi zake nazo zilitaka watu. Jambo hili si geni. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika katika Tanganyika kiliundwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa mwanzilishi wake, na uhamisho wa makarani ulisaidia kukipeleka kutoka mji hata mji. Basi uhamisho ulitujenga. Lakini kila ahamaye huacha jina lake nyuma, na jina lililoachwa peke yake hutenda mambo ambayo mwenyewe hana habari nayo.

Kwa miaka mingi jina hilo lilibaki katika sanduku la posta. Katika nchi yetu barua haikuwa na desturi ya kuletwa mlangoni. Asiye na sanduku lake alitumia sanduku la ofisi, au la shule, au la misheni, na wengi watumia hivyo hata sasa. Barua ya deni yafika masjala, karani wa masjala aitazama, asema, "Huyu alikwenda Tarime," kisha aiweka juu ya kabati. Hapo ndipo kaburi lake. Nimeona masjala moja, sitaitaja, ambamo barua za watu waliokwisha hama zimefungwa kwa uzi kama kuni, na vumbi lake lataka jembe.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, serikali ilitenda kazi kubwa ya anwani za makazi nchi nzima. Barabara zilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Ni kazi njema, wala sina neno la kuilaumu. Lakini yafaa tufahamu ni kitu gani kilichobandikwa pale mlangoni. Namba ile ni ya nyumba, haihami na mtu. Mkopaji aliyeandika namba ya nyumba ya Nyasho katika fomu yake ya mkopo, kisha akahamia Bunda, ameiacha anwani yake hai, inakula na kulala, lakini aliyemo ndani ni mtu mwingine. Mdai akija, huyo mwingine ndiye atakayefungua mlango.

Tena liko deni lisilo na barua kabisa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 zikapandishwa kuwa 1,500 na 7,500. Kwa sheria kodi hii ni ya mwenye jengo. Mashine lakini haimjui mwenye jengo. Yamjua anunuaye umeme. Nyumba ikikaa tupu miezi saba kwa kiwango hicho cha 1,500, mpangaji mpya anayenunua umeme kwa mara ya kwanza hukatwa shilingi 10,500 za miezi ambayo yeye alikuwa akilala wilaya nyingine. Serikali ilikwisha sema mpangaji na mwenye nyumba wasikilizane, fedha hiyo irudishwe ama ipunguzwe katika kodi ya pango. Haya, ni wangapi kati yetu waliokwisha kuidai? Mtu aona haya kumdai mzee mwenye nyumba shilingi elfu kumi. Na haya hiyo ndiyo inayotozwa, mwezi baada ya mwezi. Mwenye akili huandika jambo hili katika mkataba wa pango kabla hajaingiza kitanda, na siku ya kuingia husoma mita ya maji mbele ya mwenye nyumba, wakaandika tarakimu zile na kutia sahihi wote wawili. Maana ankara ya maji nayo huja kwa jina la aliyeondoka, na mfereji ukifungwa, haukauki kwake huko aliko.

Sasa tuje kwenye sheria. Deni ni mapatano ya watu wawili, na Sheria ya Mikataba huwafunga wale waliopatana. Nyumba haikutia sahihi. Mlango haukutia dole gumba. Hata katika mila zetu za huku Mara, ambako ng'ombe wa mahari wakidaiwa hudaiwa ukoo, na mtoto aweza kurithi deni la baba yake, sijapata kusikia kwamba mgeni aliyejenga katika mahame ya watu alidaiwa ng'ombe wao. Deni lafuata damu, au lafuata sahihi, halifuati ukuta.

Kwa hiyo wale wasemao "lipa tu yaishe" wajue kwamba haliishi. Mdai aliyepokea shilingi moja kutoka nyumba yako amejifunza kwamba katika nyumba ile mna fedha, naye atarudi kama kuku aliyemwagiwa mtama mara moja. Husema ati dawa ya deni kulipa. Kweli, lakini dawa hunywa mgonjwa. Sijaona mtu anayemeza kwinini kwa sababu aliyelala katika kitanda kile kabla yake alikuwa na homa.

Walio hatari zaidi kuliko hao ni watu wa motoni, na hapa nataka tusikilizane vema, maana makosa yao huanguka juu ya watu wawili. Tuchukue karani aliyekopa akiwa Musoma, akahamishwa, mdai akaenda mahakamani. Mjumbe wa mahakama aleta hati ya wito katika nyumba ya zamani. Asipompata, mahakama chini ya Amri ya Tano ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai yaweza kukubali hati hiyo ibandikwe katika mlango wa nyumba anamosemekana kukaa. Wewe uliyemo ndani waibandua, wawashia jiko. Mahakama haijui habari ya jiko lako. Yaamini kwamba mtu amepata wito akakaidi, basi shauri lasikizwa upande mmoja na hukumu yatolewa. Muda wa kuiomba mahakama ya wilaya itengue hukumu ya namna hiyo ni siku 30 tu, na mwenzetu yuko Serengeti akijaza daftari za mahudhurio, hana habari.

Huenda alikuwa na utetezi mzuri. Huenda amekwisha lipa na stakabadhi anazo. Huenda deni lenyewe la mapatano limepita miaka 6, na Sheria ya Ukomo wa Muda hairuhusu tena kulishtakia. Utetezi huo ni wake, wala si wako. Nawe umeuchoma pamoja na bahasha. Atakapokuja kujua, mshahara wake utakuwa umeanza kuguswa. Sisi sote twajua kanuni kwamba mtumishi abakiziwe theluthi moja ya mshahara wake. Twajua vilevile wako wengi ambao makato ya halali yamekwisha wafikisha kwenye ukingo wa theluthi hiyo.

Nawe mwenye jiko, usidhani umenusurika. Hukumu ikikaziwa, dalali wa mahakama huja na anwani iliyo katika jalada, na anwani ni hiyo yako. Atakuta redio, makochi, pikipiki. Vya nani? Utapiga kelele kwamba ni vyako, naye atakuambia kila mdaiwa husema hivyo. Sheria yakupa haki ya kupinga, katika Amri ya 21, kanuni ya 57, na mahakama itachunguza mali ni ya nani. Lakini hiyo ni safari ya mahakamani, ushahidi, stakabadhi za makochi uliyonunua zamani kwa fundi asiyeandika stakabadhi, na siku za kazi zinazopotea. Ingalikuwa rahisi zaidi kumwambia mjumbe wa mahakama siku ile ya kwanza, "Huyu amehama tangu mwezi fulani, na mimi jina langu ni hili," naye airudishe hati bila kuibandika. Tena mahakama inayo njia ya kumpelekea mtumishi wa serikali wito kwa mkono wa mkuu wa ofisi yake. Haikosi pa kumpata.

Wako pia wasiochoma wala wasiolipa: hufungua. Hufungua, husoma, kisha jioni habari iko sokoni Mwigobero, kwamba fulani, yule aliyekuwa akivaa suti, adaiwa kiasi fulani. Watu hawa nisingewapa hata nafasi ya aya moja, ila kwa kuwa baadhi yao ni makarani ambao kazi yao ni kutunza karatasi za watu. Katiba ya nchi, Ibara ya 16, yampa kila mtu hifadhi ya maskani yake na ya mawasiliano yake. Barua iliyoandikwa jina la mtu mwingine ni mawasiliano yake hata ikiwa imeanguka juu ya meza yako ya chakula. Je, kama bahasha haina anwani ya mpelekaji? Mara nyingi ina muhuri wa benki au chapa ya kampuni kwa nje. Na kama haina kabisa, ipeleke posta kama ilivyo.

Nao wadai wasikilize, maana si malaika. Miaka ya 1920 wakoloni waliweka sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika, wakaiandika upya mwaka 1931, na kwa sheria hiyo asiye Mwafrika hakuweza kumshtaki Mwafrika kwa deni ila kwa hati iliyokubaliwa na ofisa wa utawala. Makarani waliosoma waliilalamikia kwa kuwa iliwahesabu kama watoto, nao walikuwa na haki. Sitamani irudi. Ila siku hizi tumekwenda upande wa pili kabisa: mtu akopa kwa simu akiwa kitandani, na mkopeshaji hana habari kama namba ile ni ya mkopaji au imekwisha gawiwa mtu mwingine. Namba ya simu iliyoachwa hupewa mwenye laini mpya, naye hupokea matusi na vitisho vya deni la mtu asiyemjua hata kwa sura. Ni nyumba ileile, isipokuwa haina dari. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Ukitishwa na mkopeshaji wa namna hiyo kwa deni lisilo lako, usimjibu kwa kubembeleza. Tunza ujumbe wake na kuupeleka polisi au Benki Kuu. Hata mkopeshaji mwenye leseni hana ruhusa ya kumgeuza mpangaji mpya kuwa mpelelezi wake asiyelipwa mshahara.

Hapa ndipo penye neno linalowatatiza watu waungwana kati yetu. Husema, "Nikiirudisha barua nitakuwa nimemchongea mwenzangu. Watajua amehama, watamtafuta." Nimelisikia neno hili kwa watu ninaowaheshimu, na kwa hiyo nitalijibu kwa heshima. Kusema kwamba mtu hakai tena katika nyumba yangu ni kusema habari za nyumba yangu. Kusema yuko wapi sasa ni kusema habari zake yeye. La kwanza ni haki yako, na la pili haliko mikononi mwako. Akikupigia simu mtu asemaye ni wa benki, ataka kujua fulani amehamishiwa kituo gani, usimwambie, hata ukijua. Hasa wewe uliye masjala, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yaihusu ofisi yako pia. Aandike kwa mwajiri, apitie njia iliyo wazi. Kisha jioni mpigie mwenzako mwenyewe: "Bwana, barua zako zinafika kwangu, nimezirudisha, shughulikia." Hapo umemtendea kama mwanachama. Aliyemficha hakumsaidia, amemchelewesha tu mpaka riba imemwota mgongoni.

Na sasa niseme nawe uliyehama, maana bila wewe makala haya yasingeandikwa. Wajua fika kwamba umeacha deni. Uliandika anwani ya nyumba ukijua barua ya uhamisho i njiani. Sasa uko Butiama, wapita Makutano kila mwisho wa mwezi kuja kuchukua samaki Musoma, nawe hukuvuka barabara kwenda benki kutoa anwani mpya. Wasema mshahara hautoshi. Hautoshi kweli, na chama hiki kimelisema hilo mara nyingi kuliko wewe. Lakini uhaba wa mshahara haukukataza kuandika barua. Mdai aliyeambiwa mapema hupanga upya malipo. Aliyekimbiwa hupeleka mahakamani. Nami nakuuliza: mwanamke yule mwalimu mpya anayekaa katika nyumba yako ya zamani, ambaye kila Jumamosi agongewa na vijana wa kukusanya madeni, wanawe wakitazama dirishani, amekukosea nini?

Yapo maneno kwamba chama kisiingilie mambo ya mtu binafsi. Uhamisho si jambo la mtu binafsi. Ni amri ya mwajiri, na twakabidhiana kila kitu kilicho cha serikali, hata mashine ya kutoboa karatasi hutiwa sahihi. Twakabidhi funguo, mafaili, viti na muhuri. Kitu kimoja hatukabidhi, nacho ni habari kwamba nani ameondoka lini na nani ameingia lini. Kwa hiyo naliomba tawi la Musoma, pamoja na wenzetu wa Bunda na Butiama, lilete hoja katika mkutano ujao kwamba kila mwanachama ahamaye aandike karatasi moja yenye tarehe ya kutoka, tarakimu za mita ya maji, salio na makato ya LUKU, na anwani mpya ya kupokelea barua. Nakala moja kwa mwenye nyumba, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja kwa katibu wa tawi katika bahasha iliyofungwa, isifunguliwe ila kwa kumpelekea mwenyewe barua zake. Na kila masjala iwe na daftari la barua za waliohama, zirudishwe kila Ijumaa, kabati libaki na kazi yake.

Wakati tukingoja mkutano, asiyejua aandike nini na aandike hivi. Juu ya bahasha, bila kuifungua: "Aliyeandikiwa hakai hapa. Irudishwe kwa mpelekaji." Na katika karatasi yako mwenyewe, kwa mdai: "Bwana, mtu mliyemwandikia hakai katika nyumba hii tangu nilipoingia mimi, tarehe fulani, kama mkataba wangu wa pango na barua ya mwenyekiti wa mtaa zinavyoonyesha. Sina udugu wala mapatano naye, na mali iliyomo ni yangu. Tafadhali futeni anwani hii katika daftari lenu na kunijibu kwa maandishi." Itie sahihi yako, weka nakala, na uipeleke kwa rejista ili upate stakabadhi ya posta.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Karani wa Mwisenge, Musoma